Kamera ya joto haioni nyuma ya ukuta: tunayoyakosea kuhusu infraredi

Uvumi mwingi kuhusu infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, unatokana na kuchanganya vifaa vya aina mbili. Kuna vinavyopokea tu mionzi ambayo kila kitu hutoa kwa sababu ya joto lake, na kuna vinavyorusha mwanga wao wenyewe kisha vikasubiri urudi.

"Kipimajoto cha paji la uso kinapiga mionzi kwenye ubongo."
Hili lilivuma sana wakati wa Uviko-19. Mambo ni kinyume chake: anayetoa mionzi ni wewe, usiku na mchana, na kilele chake kiko kwenye urefu wa mawimbi wa karibu mikromita 9 hadi 10. Kifaa kinaipokea tu. Vile vya mafundi huwa na leza nyekundu, lakini hiyo ni ya kulengea. Izime, na kipimo hakibadiliki. Wala hakipimi kile kinukta chekundu peke yake. Kifaa chenye uwiano wa 12:1 kati ya umbali na upana wa eneo kinachopima, ukisimama sentimita 120 kutoka kwenye kitu, hutoa wastani wa duara lenye upana wa sentimita 10.

"Namba ikishatokea, ndiyo joto lenyewe."
Chemsha maji kwenye sufuria ya alumini inayong'aa, kisha elekeza kifaa ubavuni mwake. Kitasoma joto la chini mno, maana metali iliyong'arishwa hutoa mionzi kidogo sana na huakisi ile ya vitu vilivyoizunguka. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye metali kama hiyo, subiri kishike joto, upime hapo: namba itapanda ghafla. Mafundi wazoefu hutembea na tepu mfukoni. Anayenunua kifaa bila kulijua hili atakilaumu bure.

"Kamera ya joto inapenya ukuta."
Haipenyi. Inaona joto la uso wa ukuta, basi. Bomba la maji ya moto likipita ndani, lipu hupata joto na mstari hujitokeza kwenye picha. Hata kioo cha dirisha huizuia. Ukielekeza kamera hapo, utaiona sura yako ikiakisiwa. Ndiyo maana lenzi zake nyingi hutengenezwa kwa gerimani (germanium), elementi inayopitisha mionzi hiyo. Zile rangi za zambarau na njano, nazo, hupakwa na programu.

"Kamera ya ulinzi inayoona gizani inapima joto."
Hapana. Nyingi huwasha vitaa vya infraredi vya nanomita 850 au 940 na kupiga picha ya mwanga unaoakisiwa. Pasi ya moto na pasi baridi zitafanana.

"Sensa ya umbali hupima ukali wa mwanga unaorudi."
Zipo za bei nafuu zinazofanya hivyo, na ndizo zinazoona karatasi nyeusi kuwa iko mbali kuliko nyeupe. Zilizo bora hupima muda: mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo kitu kilicho mita 1.5 mbele hurudisha mwanga baada ya nanosekunde 10. Nyingine hupima pembe ambayo mwanga umerudi nayo, na hizi zina mtego wake. Sensa ya sentimita 10 hadi 80 ikikaribiwa mno, usomaji hugeuka, na kitu kilicho sentimita 3 huonekana kiko mbali. Roboti nyingi za wanafunzi hugonga ukuta hivyo; dawa ni kuirudisha sensa nyuma kidogo ndani ya umbo la roboti. Jua nalo limejaa infraredi, kwa hiyo sensa iliyofanya kazi vizuri chumbani huweza kupofuka nje.

"Hauonekani, kwa hiyo haudhuru."
Leza kali ya infraredi ni hatari zaidi kwa sababu hiyohiyo: jicho halistuki wala halipepesi. Ya nanomita 905 hufika hadi kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, hivyo nguvu yake hubanwa sana. Ya 1550 hufyonzwa na sehemu ya mbele ya jicho, ndiyo maana huruhusiwa kuwa na nguvu kubwa zaidi.