Mizinga ya Königsberg ilikuwa kumi: leo tuzungumzie ilichokuwa ikipiga

Kila ninapoandika kuhusu mizinga ya Königsberg, manowari ya Wajerumani, wasomaji huniuliza ilikuwa mingapi, ilivutwa vipi hadi bara, na iko wapi leo. Ni nadra mtu kuuliza ilikuwa inapiga nini. Kazi yangu ni silaha za zamani, hasa risasi za mizinga: ganda, baruti, fataki (kiwashio cha baruti), fyuzi (kiwashio cha kombora) na kombora lenyewe. Kwa macho hayo, vita vya Wajerumani katika Afrika Mashariki, kuanzia 1914 hadi 1918, naviona kama daftari la ghala linalopungua ukurasa baada ya ukurasa. Gurudumu la mzinga likivunjika, fundi wa karakana ya reli Dar es Salaam aliweza kuunda jingine. Kombora likishapigwa limekwenda, na kiwanda cha kutengeneza jingine kiko Ujerumani, ng'ambo ya bahari iliyofungwa na manowari za Waingereza.

Königsberg ilikuwa manowari nyepesi iliyoshushwa majini mwaka 1905. Ilibeba mizinga kumi ya sentimita 10.5 ya aina ya SK L/40. Namba hiyo 40 ina maana kwamba urefu wa mzinga ni mara 40 ya upana wa tundu lake, yaani mita 4.2. Risasi yake ilikuwa kipande kimoja: kombora limekazwa kwenye mdomo wa ganda la shaba ya manjano, baruti iko ndani, fataki iko kitakoni. Yote kwa pamoja ilikuwa na uzito wa kilo 25 na nusu hivi. Mpakiaji anaisukuma ndani kwa mkupuo mmoja, kitasa cha nyuma kinateleza kwa upande na kufunga, mzinga uko tayari. Ndiyo maana kikosi kilichofunzwa vizuri kiliweza kupiga mara 15 kwa dakika.

Hilo ganda la shaba linastahili maelezo zaidi, kwa sababu Wajerumani waliling'ang'ania hata kwenye mizinga mikubwa ya manowari zao, wakati Waingereza kwenye mizinga yao mikubwa walitumia baruti iliyofungwa katika mifuko ya hariri. Baruti inapowaka, shinikizo ni kubwa kiasi kwamba gesi itapenya popote penye upenyo. Ganda la shaba hutanuka, likabana kuta za chumba cha mzinga na kuziba kila mwanya. Shinikizo likishuka hunywea kidogo na kutoka kwa urahisi. Pia hukinga baruti na cheche, na hukinga baruti na unyevu. Kinga dhidi ya cheche ilikuwa na maana kubwa kwenye Bahari ya Kaskazini. Kinga dhidi ya unyevu ndiyo iliyokuja kuwa na maana kwenye delta ya Rufiji.

Kombora lenyewe lilikuwa na uzito wa kati ya kilo 16 na 17.4, kutegemea aina. Liliacha mdomo wa mtutu kwa mwendo wa mita 690 kwa sekunde na, mtutu ukiinuliwa nyuzi 30, lilifika umbali wa kilomita 12 hivi. Karibu na kitako chake limezungushiwa mkanda wa shaba nyekundu. Mkanda huo ni mpana kidogo kuliko tundu, hivyo unapolazimishwa kupita unachongwa na mifereji iliyopindwa ndani ya mtutu, na kombora linaanza kuzunguka kwa kasi. Bila mzunguko huo lingepinduka angani. Kwa mtu wa fani yangu mkanda huo ni ushahidi: ukiwa na michirizo, kombora limepita mtutuni, ukiwa laini, halijapigwa kamwe.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta manowari ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar ikifanyiwa matengenezo. Pegasus nayo ilikuwa na mizinga ya inchi 4, yaani milimita 102, karibu upana uleule. Lakini kombora lake lilikuwa la ratili 25, kilo 11 na ushei, na mizinga yenyewe ilikuwa ya kizazi cha zamani zaidi. Makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Tofauti ya upana wa tundu ilikuwa milimita tatu tu. Uzito wa kombora na mwendo wake ndivyo vilivyoamua pambano lile.

Baada ya hapo Königsberg ilijificha Rufiji hadi Julai 1915, Waingereza walipoleta Severn na Mersey, meli zenye kina kifupi zilizoweza kuingia mtoni. Shambulio la tarehe 6 halikuimaliza. La tarehe 11 liliiharibu kiasi kwamba nahodha Max Looff aliamuru meli izamishwe. Mizinga yote kumi ikaopolewa, na makombora yaliyosalia yakatolewa. Karakana za Dar es Salaam zikaunda magari ya magurudumu, mizinga ikasambazwa sehemu mbalimbali za koloni. Mmoja ulipanda hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ileile ambayo baadaye iliitwa Liemba.

Sasa turudi kwenye zile kilo 25 na nusu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika Afrika Mashariki ya enzi hizo ulikuwa kilo 25 hadi 30. Kwa hiyo risasi moja ya mzinga wa Königsberg ilikuwa mzigo wa mtu mmoja, na ukiongeza sanduku, mzigo mzito hata kwake. Mbali na reli, risasi mia zilihitaji wanaume mia, na wanaume hao walihitaji wengine wa kuwabebea chakula. Dakika moja ya kupiga kwa kasi iliteketeza kilichobebwa na watu 15 kwa siku nyingi za kutembea porini. Vitabu vingi vinasimulia jinsi mamia ya watu walivyovuta mitutu ile, na ni haki kusimulia. Msafara wa waliobeba risasi nyuma yake hautajwi sana, nami naamini ndio uliokuwa mzito zaidi. Majina yao wengi hatunayo.

Wajerumani walijaribu mara mbili kuleta shehena kwa meli kutoka kwao. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na makaa ya mawe, bunduki na risasi, zikiwemo za Königsberg. Manowari Hyacinth iliishambulia, lakini Waingereza waliondoka wakidhani imekwisha. Sehemu kubwa ya shehena iliopolewa. Kazi iliyofuata naistaajabia hadi leo: risasi za bunduki zilizolowa maji ya chumvi zilifunguliwa, baruti ikakaushwa, zikafungwa upya. Nyingi hazikuwaka tena. Chumvi hula fataki kwanza, na fataki ikigoma, baruti nzuri kiasi gani haisaidii kitu.

Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi karibu na Lindi. Ilileta, pamoja na mambo mengine, hawitza nne (mizinga mifupi inayorusha kombora juu) za sentimita 10.5. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapochanganya mambo. Wanaona 10.5 na 10.5, wanadhani risasi ziliweza kubadilishana. Haikuwezekana. Hawitza ya aina ile, leFH 98/09, ina mtutu usiofika mita mbili. Kombora lake lina uzito wa kilo 15.8, karibu sawa na la Königsberg, lakini linatoka kwa mita 302 tu kwa sekunde na mwisho wake ni kilomita 6 na kidogo. Piga hesabu ya nishati ya mwendo: kombora la Königsberg linaacha mdomo wa mtutu na nishati zaidi ya mara tano. Ganda la moja haliingii kwenye chumba cha nyingine, na hata lingeingia, mtutu mwepesi wa hawitza haukuundwa kuvumilia shinikizo lile.

Ukiniuliza ipi ilifaa zaidi kwa vita vya porini, nitasema hawitza bila kusita. Mzinga wa manowari uliundwa kupiga meli juu ya maji tambarare. Kombora lake huenda kasi na karibu kunyooka. Likikutana na kilima, haliwezi kumfikia aliye nyuma yake. Likitua kwenye udongo laini, huzama kabla ya kulipuka na kurusha tope juu zaidi ya vipande pembeni. Hawitza huinua kombora juu na kulidondosha nyuma ya kilima. Tena baruti yake imegawanywa katika mafungu ndani ya ganda, hivyo mpigaji huondoa mafungu kadhaa anapotaka kombora lipande juu na kutua karibu. Risasi ya kipande kimoja ya Königsberg haikutoa nafasi hiyo: ni nguvu zote au hakuna.

Ndani ya makombora ya Wajerumani wakati ule kilipuzi kikuu kilikuwa TNT. Waliichukua mwaka 1902 na kuiita Füllpulver 02, mahali pa asidi ya pikriki waliyoitumia tangu 1888. TNT huyeyushwa na kumiminwa, haili chuma, na haishtuki upesi. Hawitza waliingia nazo vitani zikiwa na kombora la ajabu ambalo mimi huliona kama kosa la mhandisi mwenye akili nyingi: vidonge vya madini ya risasi vilivyozamishwa ndani ya TNT, ili kombora moja lifanye kazi mbili, la kumwaga vidonge kutoka angani na la kulipuka chini. Lilikuwa ghali, gumu kutengeneza, na halikufanya kazi yoyote kati ya hizo mbili vizuri. Vita vilipokuwa vikali Ulaya walirudi kwenye makombora sahili, na TNT ilipopungua waliichanganya na nitrati ya amonia, sehemu 60 kwa 40.

Fyuzi za kupasuka angani zilitegemea utepe wa baruti unaoungua ndani ya pete yenye vipimo. Utepe huo huungua polepole zaidi hewa inapokuwa nyepesi, na baruti yake hunyonya unyevu. Jedwali za kupigia zilizochapishwa kwa hali ya hewa ya Ulaya hazikuweza kutoshea nyanda za juu za Afrika Mashariki bila marekebisho. Joto nalo huipa baruti ya kusukumia nguvu ya ziada, na likidumu miezi mingi huiozesha kikemia. Mpigaji aliyekuwa na risasi za kuhesabu hakuwa na za kupoteza kwa majaribio ya kurekebisha shabaha.

Ulaya maganda matupu yalikusanywa na kujazwa upya. Huku hayakuwa na cha kujazwa. Mwaka 1916 serikali ya Wajerumani ilipogonga sarafu za dharura Tabora, maganda yaliyokwisha kupigwa yakawa sehemu ya malighafi yake. Sarafu za heller 20 za mwaka huo zina herufi T ya Tabora, na rangi zake hutofautiana kwa sababu vyuma vilivyoyeyushwa havikuwa vya mchanganyiko mmoja.

Mizinga iliishia kulipuliwa na wapigaji wake wenyewe au kutekwa. Mmoja ulivunjwa na kuachwa Kahe Machi 1916. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alipovuka Ruvuma Novemba 1917, hakuwa na hata mmoja kati ya ile kumi. Leo unaweza kuuona mmoja Fort Jesus, Mombasa, na mwingine mbele ya Union Buildings, Pretoria. Ukifika Mombasa, usiishie kwenye mtutu. Zunguka nyuma utazame njia ya kitasa kinachoteleza kwa upande: ukubwa wa uwazi ule ndio utakaokuonyesha risasi ilivyokuwa.

Jambo la mwisho ni kwa wanaoishi na kulima kwenye maeneo ya vita vile. Ganda tupu lenye fataki iliyogongwa, na mhuri wa kiwanda kitakoni kama wa Polte wa Magdeburg, ni chuma kikuukuu. Lakini kombora lenye fyuzi, au risasi ambayo bado ni kipande kimoja, liache palepale. TNT haiozi kwa miaka mia. Asidi ya pikriki ikigusana na chuma kwa muda mrefu hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa kuguswa tu, na kutu haikuonyeshi ni ipi iliyomo ndani. Usikwangue, usiliviringishe, usilipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha nenda polisi.