Dawa ya influenza: kuiga kile ambacho kirusi hakiwezi kukikataa

Nikisema kwamba kazi yangu ni kutafuta dawa za influenza, swali linalofuata huwa lilelile: chanjo si ipo, na homa yenyewe si huisha ndani ya wiki? Ni swali la haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya msimu huua kati ya watu 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji pekee. Chanjo hulazimika kutungwa upya kila mara kwa sababu kirusi hakitulii katika sura moja. Tena ikizuka aina ngeni kabisa, miezi kadhaa hupita kabla chanjo yake haijapatikana. Katika miezi hiyo anayelazwa akihema kwa shida hutegemea dawa.

Antibiotiki hazimsaidii mtu huyo dhidi ya influenza yenyewe, wala si kwa sababu ni dhaifu. Antibiotiki hupiga bakteria, viumbe wenye ukuta wao na mitambo yao ya kuishi. Kirusi cha influenza ni vipande 8 vya RNA, yaani maagizo yake ya urithi, vilivyofungwa ndani ya utando wa mafuta uliochomekwa protini, basi. Karibu kila kitu kingine hukiazima kwenye seli ya mwenyeji wake, na ukiivuruga mitambo ya seli unamuumiza mgonjwa. Kwa hiyo tunatafuta vile vifaa vichache ambavyo ni mali ya kirusi chenyewe, kisha tunatafuta molekuli ya kuvikwamisha.

Dawa ya kwanza, amantadini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1966, wakati hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Baadaye ilibainika kwamba inaziba mfereji mwembamba uitwao M2, ambao kirusi hupitishia protoni ili kifunguke kikishaingia ndani ya seli. Ilitosha asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha protini ya mfereji huo, ile ya nafasi ya 31, kubadilika, na dawa ikawa haina pa kushika. Kilichoumiza zaidi ni kwamba badiliko hilo halikukigharimu kirusi chochote. Kiliendelea kuambukiza kama kawaida, na kufikia Januari 2006 mamlaka za afya za Marekani ziliwataka madaktari waache kuitumia dawa hiyo kwa influenza.

Hapo ndipo penye fundo la kazi hii. Kukizuia kirusi kwenye chupa ya maabara si jambo gumu sana. Kigumu ni kukizuia mahali ambapo kikijaribu kubadilika ili kikwepe, kitajiumiza chenyewe.

Mahali pa namna hiyo palionekana mwaka 1983. Kirusi hushika seli kupitia sukari inayoitwa asidi ya sialiki, iliyotapakaa juu ya seli za njia ya hewa. Vitoto vya kirusi vinapochipuka kutoka kwenye seli hunasa kwenye sukari hiyohiyo, kama nzi kwenye ulimbo. Ili vijinasue, kirusi kina kimeng'enya kiitwacho neuraminidasi, ambacho ni mkasi wa kukatia asidi ya sialiki. Nchini Australia, Graeme Laver alifaulu kupata fuwele za kimeng'enya hicho, na Peter Colman na Jose Varghese wakazipiga eksirei na kuchora umbo lake. Waliona shimo ambalo sukari huingia ili ikatwe. Nje ya shimo, asidi amino zilitofautiana kati ya aina moja ya kirusi na nyingine. Ndani ya shimo zilikuwa zilezile. Kirusi kinaweza kubadili kuta za nje kinavyotaka, lakini kikiligusa shimo mkasi unakuwa butu.

Timu ya Mark von Itzstein katika Chuo Kikuu cha Monash ilianza na molekuli inayofanana na asidi ya sialiki ambayo ilijulikana tangu zamani, ila ilishika kwa ulegevu. Programu ya kompyuta ikaonyesha kwamba katika kona moja ya shimo kuna chaji hasi zisizo na wa kuzishika. Wakatoa kikundi kidogo cha oksijeni na haidrojeni kwenye molekuli, wakaweka kikundi chenye naitrojeni na chaji chanya. Mshiko ukaongezeka maelfu ya mara. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993, na dawa yenyewe, zanamiviri, ikaidhinishwa mwaka 1999. Kasoro yake ni kwamba ikimezwa hainyonywi vizuri tumboni. Huvutwa kama unga kupitia mdomo, jambo ambalo halimfai mtu mwenye pumu.

Mwaka huohuo ikaidhinishwa oseltamiviri, inayojulikana zaidi kwa jina la Tamiflu. Wanakemia wa kampuni ya dawa ya Gilead walikuwa wameondoa mkia unaopenda maji wa asidi ya sialiki na kuweka mkia wa mafuta, kisha wakaifunika molekuli kwa kikundi kinachoondolewa na ini. Ikawa dawa ya kumeza, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wagonjwa. Lakini mkia wa mafuta hauingii shimoni hivihivi. Lazima asidi amino moja ya kimeng'enya igeuke kando kuupisha. Zanamiviri, iliyobaki na mkia wa asili, haihitaji kupishwa.

Sasa tazama kirusi kilifanya nini. Katika N1, aina ya neuraminidasi iliyomo kwenye kirusi cha H1N1, jirani na hiyo inayogeuka, asidi amino ya nafasi ya 275 ilibadilika kutoka histidini kuwa tairosini, ambayo ni nene zaidi. Unene huo unaizuia jirani yake isigeuke. Mkia wa mafuta unakosa pa kukaa na oseltamiviri inateleza, huku asidi ya sialiki ikiendelea kuingia na kukatwa. Wataalamu wengi walidhani kirusi cha namna hiyo ni kilema, hakiwezi kwenda mbali. Msimu wa 2007 hadi 2008 ulitufundisha vingine. Norwe, nchi ambayo haikuwa ikitumia sana dawa hiyo, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutoa taarifa za kusambaa kwake, na mwaka uliofuata karibu H1N1 yote ya msimu ilikuwa sugu kwa oseltamiviri. Mabadiliko mengine ndani ya kimeng'enya hichohicho yalikuwa yamefidia ule udhaifu. Usugu huo ulififia baada ya H1N1 mpya ya mwaka 2009, ambayo kwa sehemu kubwa ilisikia dawa, kuisukuma nje ile ya zamani. Dawa iliokolewa na bahati.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniletea mchoro wa molekuli, swali langu la kwanza ni hili: ni sehemu gani ya mchoro huu haimo katika kitu ambacho kirusi kinakihitaji? Kila ulichoongeza cha kwako ni upenyo ambao kirusi kinaweza kuutumia kukutenga wewe bila kujinyima chenyewe.

Mchoro ukipita, unaingia maabara. Tunatumia seli za figo ya mbwa zilizotolewa mwaka 1958, ambazo uzao wake unaendelea kukuzwa duniani kote mpaka leo, kwa kuwa influenza huzipenda. Seli hutandazwa chini ya kisahani mpaka zigusane, zinaambukizwa, kisha hufunikwa kwa uji mzito unaozuia kirusi kuelea kwenda mbali. Baada ya siku mbili au tatu uji huondolewa na kisahani hutiwa rangi ya zambarau. Seli hai hushika rangi. Pale ambapo kirusi kimeua seli hubaki kitundu cheupe, na unakaa kwenye mwanga kuvihesabu kimoja kimoja. Kisahani kisicho na dawa huwa kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Dawa ikiwa nzuri, vitundu hupungua kadiri dozi inavyopanda.

Wakati mmoja nilikuwa na kemikali ambayo nilipopima majimaji ya seli zilizoambukizwa, sikukuta kirusi hata kimoja. Nilifurahi mchana kutwa. Jioni niliziweka seli chini ya hadubini, zikawa zimejikunja kama vidonge na kuelea. Kemikali yangu haikuwa imekigusa kirusi, ilikuwa imeua nyumba aliyotakiwa kuishi mpangaji. Ndiyo sababu kila dozi hujaribiwa pia kwenye seli zisizo na kirusi. Tunachotafuta ni umbali mkubwa kati ya dozi inayokizuia kirusi na dozi inayoidhuru seli, na kemikali nyingi huishia hapa.

Zinazobaki hupelekwa kwa wanyama, mara nyingi fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Kwa kutumia fereti, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walikipata kirusi cha influenza ya binadamu mjini London mwaka 1933. Fereti hupata homa, hupiga chafya na kuambukiza wenzake, hivyo huonyesha pia kama dawa inapunguza maambukizi.

Kwa binadamu ugumu ni wa namna nyingine: wagonjwa wengi hupona wenyewe. Bila kundi linalopewa kidonge tupu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini, hata maji yangeonekana yametibu. Tena wingi wa kirusi hufika kileleni siku za mwanzo kabisa, kwa hiyo dawa hufanya vizuri ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mwenye hatari kubwa, kama mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa sugu, asingoje siku ya nne ndipo aende kwa daktari.

Dawa ya kizazi kipya, baloksaviri, iliidhinishwa Japani kisha Marekani mwaka 2018. Yenyewe hukwamisha mkasi mwingine, ule wa protini ya kirusi iitwayo PA, ambao kirusi hutumia kukata vichwa vya jumbe za seli (nakala za RNA zenye maagizo ya kutengeneza protini) na kuvibandika kwenye jumbe zake. Mkasi huo hukata kwa msaada wa ioni mbili za metali, na baloksaviri huzibana hizo. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2018, dozi moja ilishusha muda wa dalili hadi wastani wa saa 53.7, dhidi ya saa 80.2 kwa waliopewa kidonge tupu. Metali kirusi hakiwezi kuziacha. Hata hivyo, katika asilimia 9.7 ya waliopewa dawa, asidi amino ya nafasi ya 38, iliyo ukutani kando ya metali, ilibadilika na mshiko ukalegea.

Ndiyo maana siku hizi hatungoji dawa iingie sokoni ndipo tuanze kutafuta usugu. Kila kemikali mpya hukutanishwa na kirusi mapema, kwenye chupa zilizofungiwa ndani ya maabara yenye ulinzi, tukiangalia kitatorokea wapi na kutoroka huko kutakigharimu nini. Kikitoroka bure, mchoro unarudi mezani.