Urithikaji wa Urefu: Asilimia 80 ya Nini?

Sifa ya mtu, kama vile urefu wake, hutokana na jeni alizozipokea kwa wazazi wawili zikifanya kazi ndani ya mazingira aliyokulia: lishe, maradhi, hata afya ya mama wakati wa ujauzito. Urithikaji ni kipimo kinachoonyesha ni sehemu gani ya tofauti zilizopo baina ya watu wa jamii fulani inayohusiana na tofauti za jeni zao. Maana ni hiyo tu, ila maneno "tofauti baina ya watu" ndiyo yanayorukwa kila mara.

Hapa Kisumu, redioni na hata katika mikutano ya wazazi, husemwa kwamba urefu ni asilimia 80 jeni na asilimia 20 chakula. Namba yenyewe si ya kubuni, kwani tafiti za mapacha katika nchi zenye lishe ya kutosha hutoa makadirio yanayokaribia hapo. Kosa ni kuigawa ndani ya mwili wa mtu mmoja, kana kwamba kijana wa sentimita 180 alipewa 144 na wazazi wake, kisha 36 zilizobaki akajiongezea kwa ugali na omena. Hakuna hata sentimita moja iliyojengwa na jeni pasipo chakula, wala na chakula pasipo jeni.

Mtaalamu wa mimea wa Denmark, Wilhelm Johannsen, ambaye ndiye aliyeanzisha neno jeni mwaka 1909, alikuwa amechunguza maharagwe kabla ya hapo. Maharagwe hujichavusha yenyewe, hivyo uzao wa mbegu moja, kizazi baada ya kizazi, huwa na jeni zinazokaribia kuwa zilezile. Ndani ya uzao wa namna hiyo Johannsen alikuta punje kubwa na ndogo, lakini alipozipanda, kubwa kwa zake na ndogo kwa zake, mavuno ya pande zote mbili yalikuwa na punje za wastani uleule wa uzito. Tofauti alizoziona zilikuwa za mazingira, na urithikaji wa uzito ndani ya uzao ule ulikuwa kama sifuri, ingawa hakuna atakayedai kwamba jeni hazihusiki katika kuumba haragwe. Mkulima wa Bungoma anayeteua punje nono za kupanda msimu ujao anaweza kufaidika iwapo gunia lake lina nasaba nyingi zilizochanganyika. Likiwa na nasaba moja, anajichosha.

Namba hii basi hupanda na kushuka kulingana na hali ya watu waliopimwa. Pale ambapo watoto wengine hushiba na wengine hulala njaa, urithikaji wa urefu hushuka. Wote wakilishwa sawasawa, hupanda, kwa kuwa tofauti inayobaki ni ya jeni. Wala urithikaji mkubwa hauzuii mabadiliko: wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 walikua warefu kwa takriban sentimita 20 kuliko waliozaliwa mwaka 1896, na karne moja haitoshi kugeuza jeni za taifa zima kiasi hicho.

Anayependa kuitaja asilimia 80 anaweza kusema kwamba, miongoni mwa watu fulani walioishi katika hali fulani, sehemu kubwa ya tofauti za urefu inahusiana na tofauti za jeni. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo, nayo haimwambii mzazi yeyote mtoto wake amepata sentimita ngapi kutoka kwa nani.