Chura wa Kihansi na salamanda mweusi wa Alps: mimba mbili tofauti

Mgeuze taratibu chura jike wa Kihansi mwenye mimba: ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba unawaona watoto ndani. Mama mwenyewe hafikii sentimita 3. Watoto huzaliwa wakiwa na milimita 5 hivi na miguu yote minne. Uluwiluwi wameumalizia tumboni, wakiishi kwa kiini cha yai.

Salamanda mweusi wa milima ya Alps, Ulaya, ni amfibia kama chura ila ana mkia na umbo la mjusi. Naye hahitaji dimbwi la kuzalia, ila mimba yake ndiyo inayonishangaza zaidi katika kazi yangu yote ya amfibia. Kwa kawaida huzaa watoto wawili tu. Kiini kikiisha, kitoto hula mayai mengine yasiyorutubishwa, kisha kwa vijino maalumu hukwangua utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na mama huuotesha upya. Muda wote huo kina matamvua marefu, na huyapoteza bila kuwahi kuyatumia mtoni. Mimba huchukua miaka 2. Juu zaidi, kwenye baridi kali, hufika 3.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kwetu tunaohangaika kuwaokoa. Makazi ya chura wa Kihansi yalikuwa takriban hekta 2 za manyunyu ya maporomoko, kwenye korongo moja la Udzungwa, Tanzania. Bwawa la umeme likapunguza maji, kuvu hatari ikafika, na mwaka 2003 idadi ikaporomoka. Bahati njema, mwaka 2000 vyura wapatao 500 walikuwa wamepelekwa Marekani. Huko wakazaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Naamini wasingefika hapo kama jike angezaa wawili tu kila baada ya miaka kadhaa.

Salamanda hana nafasi hiyo. Kuvu nyingine, iliyotambuliwa mwaka 2013, karibu iwamalize salamanda wa moto wa Uholanzi, ndugu zake wa karibu. Ikiwakumba wa Alps, ufugaji hautaziba pengo kwa wakati. Ndiyo maana nasisitiza kinga: ukitoka bonde moja kwenda jingine, osha tope lote kwenye viatu, uvikaushe kabisa, na usimshike salamanda kwa mikono mitupu.