Usalama wa pochi za sarafu za kidijitali: yanayodhaniwa na yalivyo

Katika vibaraza vya Mjini Unguja na Chake Chake, vijana wanaonunua Bitcoin na sarafu nyengine za kidijitali hupeana nasaha nyingi kuhusu usalama wa pochi, yaani programu za kutunzia sarafu hizo, na baadhi ya nasaha hizo ni za hatari kuliko kukaa kimya.

Dhana: Bitcoin haina jina la mtu, kwa hiyo hakuna anayekuona.
Tangu Januari 2009 kila muamala wa Bitcoin huandikwa katika daftari lililo wazi, ambalo yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma bila ya kuomba ruhusa. Ni kweli kwamba daftari hilo huonesha anwani za herufi na tarakimu badala ya majina, lakini siri hiyo hudumu mpaka mwenyewe aivunje. Kijana anayebandika anwani yake katika kundi la WhatsApp ili alipwe kazi ya kuchora nembo, akitumia namba aliyoisajili kwa alama za vidole, amewafungulia wanakundi wote salio lake pamoja na malipo yote yaliyopita na yatakayopita katika anwani hiyo. Mwaka 2016 ziliibiwa Bitcoin 119,754 katika Bitfinex, soko la mtandaoni la kununua na kuuza sarafu hizi. Februari 2022 Marekani ilitangaza kukamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo, baada ya wachunguzi kuufuata mtiririko wake katika daftari hilo hilo na kuzipata funguo, yaani namba za siri za kuzitumia Bitcoin hizo, ndani ya faili lililohifadhiwa mtandaoni.

Dhana: Nywila ngumu na ujumbe mfupi wa kuthibitisha vinatosha.
Ujumbe hufuata laini, haufuati simu. Tapeli akifanikiwa kuihamishia namba yako kwenye laini yake, simu yako hupoteza mtandao ghafla na tarakimu za kuthibitisha huingia kwake. Programu inayotoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30 haitegemei laini, na kwa hivyo ni bora zaidi, ingawa haitamfaa anayeziandika tarakimu hizo katika tovuti ya kughushi.

Dhana: Mhudumu anaweza kukuomba maneno ya siri ili akusaidie.
“Ndugu mteja, akaunti yako imezuiliwa, tutumie maneno yako 12 tuihakiki.” Ujumbe wa namna hii ni wa mwizi, hata ukiwa na nembo na Kiswahili fasaha. Maneno hayo, yawe 12 au 24, ambayo mwenyewe hupewa anapofungua pochi, ndiyo pochi yenyewe: aliyenayo huifungua katika simu yoyote duniani bila ya kuhitaji nywila yako. Kuyapiga picha nako hakufai, maana simu hiyo hiyo ikiharibika kioo hupelekwa Darajani na kuachwa kwa fundi pamoja na namba ya kuifungulia. Simtuhumu fundi, ila hana haja ya kuwekewa amana asiyoijua.

Dhana: Fedha zikiibiwa, benki itazirudisha.
Muamala uliokwisha kuthibitishwa katika daftari la Bitcoin haurudishwi. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini.

Dhana: Nimebadilisha nywila, basi nimepona.
Hilo linaweza kuwa kweli kwa akaunti ya soko la mtandaoni. Kwa pochi ambayo maneno yake yameshaonekana na mtu mwengine, nywila mpya huilinda programu iliyomo katika simu yako tu. Kinachotakiwa ni kufungua pochi mpya yenye maneno mapya na kuhamishia humo kilichobaki, siku hiyo hiyo.