Wazee wawili wa Amu, vidonge viwili tofauti: maswali kuhusu stenti

Wazee wawili wa hapa Amu walikwenda Mombasa kwa nyakati mbalimbali, wote wakarudi na stenti moyoni. Wa mtaa wa Mkomani aliandikiwa vidonge vya tikagrelori, wa mtaa wa Langoni klopidogreli. Tangu hapo barazani hapajatulia. Wa Mkomani anajisifu kuwa yake ndiyo dawa ya kisasa, na wa Langoni anashuku alipewa ya bei rahisi. Mimi ni muuguzi, basi kila nikipita baada ya Alasiri huitwa niamue.

Stenti ni nini, na mbona inadai vidonge?

Ni kijibomba cha wavu wa chuma. Daktari hupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa kifundo cha mkono au wa paja hadi kwenye mshipa wa moyo uliozibwa, hutunisha kiputo kusukuma uchafu pembeni, kisha huuacha wavu ushikilie ukuta usirudi kusinyaa. Andreas Grüntzig alizibua mshipa wa moyo kwa kiputo mara ya kwanza mjini Zurich mwaka 1977. Wavu ulifuata 1986.

Shida ni kwamba kiputo huchubua. Damu ina chembe sahani, ambazo kazi yake ni kukimbilia kidonda na kushikana mpaka damu ikatike. Hazijui kutofautisha kidole kilichokatwa na kisu cha samaki na mshipa uliochubuliwa na daktari. Zikijikusanya juu ya ule wavu, mshipa huziba tena, na safari hii ni hatari zaidi.

Daktari anajuaje kama damu inapita vizuri?

Hupiga dawa ya rangi mshipani na kuitazama kwenye eksirei inayotembea. Kipimo chao kinaitwa TIMI. Daraja 0, hakuna kinachopita. Daraja 1, rangi inapenya kidogo lakini haifiki mwisho. Daraja 2, inafika kwa kujikokota. Daraja 3 ndiyo ya kawaida.

Vidonge hivi vinatofautiana vipi?

Aspirini ni ya wote, isipokuwa aliyekatazwa kwa mzio au kutokwa na damu. Juu yake huongezwa kimoja kati ya vitatu.

Klopidogreli haifanyi kazi mpaka ini liigeuze, na kuna watu ambao ini lao, kwa maumbile ya kuzaliwa, huigeuza kwa uvivu. Hata kwa dozi ya kwanza kubwa ya miligramu 600, huchukua saa kadhaa. Prasugreli nayo hupitia ini, ila kwa haraka zaidi. Aliyewahi kupata kiharusi hapewi kabisa. Tikagrelori haingoji ini. Lakini humezwa mara mbili kwa siku, na katika utafiti wa PLATO wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 18,624, karibu 14 kati ya kila 100 walioitumia walihisi kubanwa pumzi, dhidi ya 8 hivi wa klopidogreli. Mzee wa Mkomani alinikatiza hapo: kumbe ndiyo maana anahema akipanda ngazi! Nikamwambia huenda, lakini aonwe na daktari kwanza, maana moyo wenyewe pia huleta kuhema.

Basi ile ya haraka hufungua mshipa mapema zaidi?

Ndivyo wengi tulivyodhani. Mwaka 2014 utafiti wa ATLANTIC uligawa watu 1,862 wenye mshtuko mkubwa wa moyo: nusu walipewa tikagrelori ndani ya ambulensi, nusu walipofika kwenye chumba cha kuwekea stenti. Mishipa ilipopigwa picha kabla ya kuzibuliwa, mtiririko ulikuwa sawasawa. Pande zote mbili, watu kama 17 tu kati ya 100 walikuwa na daraja 3. Tofauti ya muda kati ya makundi ilikuwa dakika 31 tu, na tumbo la mgonjwa wa mshtuko hunyonya dawa polepole, hasa akiwa amechomwa morfini, dawa kali ya maumivu.

Faida ilionekana baadaye: stenti zilizoziba kwa donge ndani ya siku 30 zilikuwa chache kwa waliotangulia kumeza. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kinachofungua mshipa ni kiputo. Kidonge kinaulinda usifungike tena.

Hapo ndipo dawa mpya zinapoishinda klopidogreli. Katika PLATO, waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa, au kupata mshtuko au kiharusi ndani ya mwaka, walikuwa 9.8 kwa 100 upande wa tikagrelori na 11.7 upande wa klopidogreli. Gharama yake ni kutokwa na damu zaidi.

Sisi tuko kisiwani. Hayo yanatuhusu nini?

Aliuliza nahodha mmoja kijana, na ndilo swali lililonifanya nikae chini. Miongozo inasema kama stenti haitawezekana ndani ya dakika 120 tangu mshtuko utambuliwe kwa kipimo cha umeme wa moyo, mgonjwa apewe kwanza dawa ya kuyeyusha donge, mathalani streptokinase, maadamu maumivu hayajapita saa 12 na hana cha kumzuia. Haya, piga hesabu: punda au mkokoteni hadi gatini, boti hadi Mokowe, kisha Garsen, Malindi, Mombasa. Au uvuke Manda ungoje ndege.

Na ikishatumika dawa ya kuyeyusha, mwenzake aliyethibitishwa ni ile klopidogreli inayodharauliwa. Utafiti wa CLARITY wa 2005 uliwaongezea klopidogreli nusu ya wagonjwa karibu 3,500 waliokwisha pewa dawa ya kuyeyusha na aspirini. Waliokutwa mshipa bado umeziba, au waliokufa au kushtukwa tena kabla ya picha, walishuka kutoka karibu 22 hadi 15 kwa kila 100.

Naweza kuumikwa nikiwa natumia vidonge hivi?

Usiumikwe, iwe kwa chuku la pembe au hijama ya vikombe. Chale zitachuruza. Ukienda kung'oa jino, sema mapema. Na ukiumwa goti usijinunulie brufeni: hutia tumbo vidonda, tena huizuia aspirini isifanye kazi yake.

Na Ramadhani?

Klopidogreli ni mara moja, unameza wakati wa futari. Tikagrelori hugawanywa futari na daku. Hapa kwetu kutoka daku hadi futari ni zaidi ya saa 13, si 12 kamili, kwa hiyo muulize daktari wako kabla ya mwezi kuandama. Aliyewekwa stenti wiki chache zilizopita hana haja ya kujikaza. Mgonjwa ana ruhusa.

Je, tubadilishane vidonge?

Hili waliniuliza wote wawili, nusu kwa utani. Nikamwomba mzee wa Langoni atoe dawa zake zote mfukoni. Ndani mlikuwa na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anayotumia miaka mingi kwa mapigo ya moyo yanayorukaruka. Mtu wa warfarini akiongezewa tikagrelori, hatari ya kuvuja damu hupanda mno. Inayomfaa ni klopidogreli. Madaktari hawakumbania pesa.