Barua ya Fanny Burney: kupasuliwa titi ukiwa macho

Mimi ni mtu wa nusukaputi: namlaza mgonjwa usingizi ili asisikie maumivu ya kupasuliwa. Daktari wa upasuaji anaposhika kisu, mimi nipo upande wa kichwa, naangalia pumzi, presha na mapigo ya moyo. Wagonjwa wengi wakizinduka huuliza: "Mnaanza saa ngapi?" Nikilisikia swali hilo humkumbuka mwanamke mmoja aliyepasuliwa Paris tarehe 30 Septemba 1811, kisha akamwandikia dada yake Esther kila kitu.

Fanny Burney alikuwa mwandishi wa riwaya, Mwingereza aliyeolewa na Mfaransa, na vita vya Napoleon vilikuwa vimemfungia njia ya kurudi kwao. Agosti 1810 alianza kusikia maumivu kwenye titi la kulia. Mwishowe alikabidhiwa kwa Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji wa jeshi la Napoleon, na madaktari wenzake.

Siku yenyewe alijulishwa asubuhi ileile. Mumewe akatafutiwa shughuli ya kumtoa nyumbani. Sebuleni bibi huyu akaona bendeji na sponji zimepangwa, akazungukazunguka humo akisubiri, mpaka wakaingia wanaume 7 waliovaa nguo nyeusi. Akanyweshwa divai, akalazwa, akafunikwa uso kwa leso. Leso ilikuwa nyepesi mno: aliona chuma kikimetameta. Daktari alipouliza nani atamshikia titi na hakuna aliyejibu, Burney alijitolea kulishika mwenyewe. Hapo ndipo nilipoiweka barua chini mara ya kwanza niliposoma. Sisi tumezoea mgonjwa aliyelala, asiye na neno. Huyu alikuwa anazungumza na timu nzima.

Kisha anaeleza mambo ambayo hakuna kitabu cha upasuaji kilichonifundisha. Alipiga ukelele mmoja usiokatika muda wote kisu kilipokuwa kinakata. Kisu kilipoondolewa maumivu hayakupungua, kwa sababu hewa iliyoingia kidondani ilimchoma kama visu vidogo vingi. Alisikia kisu kikikwangua mfupa wa kifua. Mara mbili alizirai. Yote yalichukua dakika 20, na katika zama zile kasi ya mkono ndiyo iliyokuwa huruma kubwa ya daktari.

Kinachoniuma ni kwamba miaka 11 nyuma, mwaka 1800, Humphry Davy alikuwa ameandika huko Uingereza kuwa gesi ya naitrasi oksaidi huondoa maumivu, na huenda ingefaa kwenye upasuaji. Madaktari wakalipita wazo hilo. Etha, dawa ya kuvuta inayomlaza mgonjwa usingizi, ilionyeshwa hadharani Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, wakati Burney ameshafariki miaka 6 kabla, akiwa na miaka 87.

Kuishi kwake muda wote huo kumewafanya madaktari wa leo wajiulize kama ule uvimbe ulikuwa saratani kweli. Kipande kilichotolewa hakikupimwa kwa namna tunayopima sasa, kwa hiyo barua haiwezi kutujibu.

Lakini kuhusu maumivu, siiamini hati nyingine kuliko hii. Pamoja na barua ipo taarifa ya mwanafunzi wa Larrey, inayosema mgonjwa alivumilia kwa ujasiri mkubwa. Sawa, ila mgonjwa mwenyewe anasema kwa miezi mingi hakuweza kulitaja jambo lile bila kulipitia upya. Kuiandika barua kulimchukua si chini ya miezi mitatu, na alipomaliza hakuthubutu kuirudia kuisoma. Leo tungesema ana kiwewe, na tungempeleka kwa mshauri. Yeye alikuwa na kalamu na dada tu.

Na hakumsahau daktari wake. Wakati wanambeba kumrudisha kitandani alifumbua macho akamwona Larrey, mtu wa vita aliyekwisha kukata mikono na miguu ya askari wengi: amepauka karibu kama yeye, uso una michirizi ya damu, umejaa huzuni na hofu.